Vitamini Zinapozidi Mwilini: Mambo ya Kuzingatia

Vitamini ni virutubishi ambavyo mwili huvihitaji kwa kiasi kidogo ili ukue, utengeneze damu na kujikinga na maradhi. Watu wengi huamini kwamba, kwa kuwa vitamini si sumu, kadiri mtu anavyomeza vidonge vingi ndivyo afya yake inavyoimarika. Imani hiyo si sahihi. Faida ya vitamini hutegemea kiasi. Kilicho kinga kwa kiasi kidogo huweza kuwa dhara kikizidi.

Vitamini B6 ni mfano ulio wazi. Wagonjwa wa kifua kikuu wanaotumia isoniazidi hupewa vitamini hiyo, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25 kwa siku, ili kuzuia ganzi ya miguu na mikono inayoweza kuletwa na dawa hiyo. Lakini vitamini hiyo hiyo ikitumiwa kwa dozi kubwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu na kuleta ganzi. Mgonjwa asiyelijua hilo huweza kuongeza vidonge akidhani anajitibu.

Vitamini A na D huhifadhiwa mwilini, hivyo ziada yake hujikusanya. Vitamini A ikizidi husababisha maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukauka kwa ngozi na madhara ya ini. Kwa mjamzito, huweza kuharibu maumbile ya mtoto aliye tumboni. Vitamini D ikizidi huongeza kalsiamu katika damu, na mgonjwa hupata kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kufunga choo, hata madhara ya figo. Vitamini C nayo, ingawa ziada yake hutoka kwa mkojo, kwa dozi kubwa huleta kuhara, na kwa baadhi ya watu mawe katika figo.

Utafiti uliofanyika Finland na kutangazwa mwaka 1994 ulihusisha wanaume 29,133 wavutaji wa sigara. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wale ambao hawakupewa.

Maelezo haya yasimfanye mtu aache vitamini alizoandikiwa. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 hutolewa kwa dozi iliyopimwa na kwa vipindi maalumu. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi kwa wajawazito navyo vina umuhimu mkubwa. Hatari huanza pale vidonge vinaponunuliwa bila ushauri, au makopo mawili yenye majina tofauti yanapobeba vitamini ileile.

Wagonjwa wengi hawahesabu vitamini kuwa dawa, kwa hiyo hawazitaji wanapoulizwa dawa wanazotumia. Inampasa mhudumu wa afya aziulize kwa jina lake, na ikiwezekana aombe kuyaona makopo yenyewe. Mgonjwa naye asome kiasi kilichoandikwa, asizidishe, na aweke vidonge mbali na watoto, hasa vyenye madini ya chuma, kwani mtoto akivimeza vingi huweza kupoteza maisha. Aliyemeza kupita kiasi apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kopo la vidonge hivyo.