Lehemu Ishike Waya

Waya wa spika ukikatika, wengi wanaojifunza ufundi huyeyusha lehemu kwenye ncha ya pasi ya kulehemu, kisha huidondosha juu ya kiungo. Inaganda, inaonekana nzuri, na ukiuvuta waya kidogo inabanduka. Lehemu ya watu inasingiziwa bure. Bati lililomo ndani yake halishiki shaba iliyo baridi wala iliyoshika kutu.

Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 za Selsiasi, wakati shaba huhitaji 1,085. Bati likiwa la majimaji huingiliana na uso wa shaba, likafanya tabaka jembamba la mchanganyiko wa metali zote mbili. Tabaka hilo ndilo linaloshika, na haliwezi kutokea kama kuna kutu, mafuta au vumbi katikati.

Kwa hiyo kwangua waya kwa wembe mpaka ung'ae. Usokote. Futa ncha ya pasi kwa sifongo mbichi, uipake lehemu kidogo ili ipitishe joto vizuri. Sasa gusisha pasi kwenye waya wenyewe, hesabu sekunde mbili au tatu, ndipo uguse waya kwa lehemu upande wa pili. Ikitambaa yenyewe na kuingia kati ya nyuzi za waya, umepata. Ikijikusanya tone, joto au usafi haujatosha. Utomvu uliomo ndani ya lehemu huondoa kutu iliyobaki, lakini ukichomwa mno huishiwa nguvu. Kwa alumini usijisumbue: kutu yake hurudi mara tu unapoikwangua.

Ukinunua lehemu, soma kibandiko. Ile ya bati 63 kwa risasi 37 huyeyuka kwa nyuzi 183, chini ya bati lenyewe na chini ya risasi, na huganda mara moja. Ya 60 kwa 40 hupita kwanza hali ya uji, na waya ukitikisika wakati huo kiungo hutoka chenye chembechembe na dhaifu. Isiyo na risasi, yenye bati, fedha na shaba kidogo, hutaka nyuzi 217 au zaidi, na kiungo chake hufifia hata kikiwa kizima.

Fungua dirisha, kwani moshi wa utomvu huumiza mapafu. Nawa mikono kabla ya kula. Na lehemu yenye risasi usiibandike kamwe kwenye sufuria, birika wala bomba la maji ya kunywa.