Usimchoke Tembe Wako Kabla Hajataga

Mdogo wangu, swali linalonifikia zaidi siku hizi ni hili: "Dada, nimechukua vifaranga wa siku moja, niwaleeje mpaka watage?" Leo tuliongee lote, maana naona wengi mnamaliza nguvu na fedha mwezi wa kwanza, halafu tembe akifika miezi mitatu mnamsahau. Mayai mnayoyasubiri yanapotelea hapo.

Tuanze na joto. Kifaranga hana manyoya ya kumkinga, kwa hiyo wiki ya kwanza anataka nyuzi joto 32 hadi 35. Kila wiki punguza nyuzi 3 hivi mpaka azoee hewa ya kawaida. Kama huna kipimajoto, watazame wenyewe. Wakirundikana chini ya taa na kulia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika, wengine wanakula na wengine wamelala, hapo umepatia. Bruda, yaani boma la kulelea vifaranga, iwe ya duara, hata ya kadibodi, ili wasibanane kwenye kona wakakosa pumzi.

Ukitumia jiko la mkaa, liwashie nje mpaka likolee, kisha uache nafasi ya hewa kupita juu. Hata mkaa uliokolea hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na hewa hiyo huua watu pia. Usiwalee vifaranga kwa mkaa katika chumba mnacholala, tafadhali sana.

Maranda unayowatandikia chini yawe makavu kila siku. Palipomwagika maji, zoa na uweke mengine, kwa sababu unyevu ndio unaostawisha ugonjwa wa kuhara damu. Ukiona kinyesi chenye damu, mwone mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Kwenye chanjo usibahatishe. Ratiba inayofuatwa sana kwetu ni kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14 na kurudia siku ya 21, kisha kideri tena siku ya 28. Ndui hufuata wiki ya 6 hadi ya 8, na kideri hurudiwa kila miezi mitatu. Mtaalamu wa eneo lako anaweza kuirekebisha, msikilize. Chanjo ya kunywesha usiichanganye na maji ya bomba yenye klorini, maana klorini huiua.

Sasa tufike kwenye miezi ya katikati. Wiki ya 8 unawahamisha kutoka chakula cha vifaranga kwenda cha kukuzia, na hapo ndipo moyo unapolegea: unanunua chakula, na yai hulioni. Unaanza kuwapa pumba tupu. Mdogo wangu, usifanye hivyo. Huu ndio wakati tembe anajenga mifupa na mwili wa kubebea mayai. Akikosa dagaa, mashudu na madini sasa, atachelewa kutaga, na mayai yake yatakuwa madogo.

Wala usimharakishe kwa kumpa mapema chakula cha kutagia. Kina chokaa nyingi, na chokaa hiyo huumiza figo za kuku mchanga. Subiri dalili: upanga wa kichwani unawiva uwe mwekundu, na ukimgusa mgongoni anachuchumaa. Viota viwe tayari kabla ya hapo, kimoja kwa kuku wanne au watano, mahali penye giza kidogo. Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga karibu wiki ya 18 hadi ya 20, chotara miezi mitano hadi sita, na wa kienyeji kwa kawaida hupita miezi sita. Kwa hiyo usimlinganishe kuku wako na wa jirani kabla hujajua aina yake.

Ushauri wangu mkubwa ni kupiga hesabu kabla ya kununua. Kuku mmoja wa mayai hula kilo 7 hivi za chakula tangu kifaranga hadi yai la kwanza, na chotara hula zaidi. Vifaranga 20 ni kilo 140, karibu mifuko mitatu ya kilo 50. Kama fedha yako inatosha nusu ya hapo, chukua vifaranga 10 na uwalishe vizuri mpaka mwisho. Kumi walioshiba watakupa mayai. Ishirini wenye njaa watakumalizia mfuko.