Mashine ikichukua kazi ya watu, mali yake ni halali?

Hivi karibuni, baada ya darsa, kijana mmoja ambaye baba yake alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam aliniuliza swali: “Ustadhi, mtu akinunua mashine, na mashine hiyo ikawaondoa watu ishirini kazini, fedha anayoipata ni halali?”

Wapo waliocheka. Mimi sikucheka, kwani swali hili linaulizwa leo dunia nzima, hata na makarani na wafasiri, tangu programu za kompyuta zinazoandika na kujibu zilipoenea mwishoni mwa mwaka 2022. Nitalijibu kwa mfano wa bandari, kwa sababu huko jambo hili limeshapita na matokeo yake tunayaona.

Kwanza, mashine yenyewe haina dhambi. Al-Jazari, fundi Mwislamu aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir, alikamilisha mwaka 1206 kitabu kizima cha mitambo, ikiwemo ya kupandisha maji, na tunajifaharisha naye mpaka leo. Wala hakuna anayetamani kurudi zama za kubeba mizigo kichwani. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi kwa maradhi. Lori lililokuja kuwapokea mizigo lilikuwa rehema.

Tatizo liko kwingine. Kabla ya makontena, meli ilipakuliwa gunia kwa gunia, kwa hiyo ilimhitaji kuli. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943 na 1947. Mombasa waligoma 1939 na 1947, na Zanzibar 1948. Wengi walikuwa vibarua wa kutwa, watu wasio na cheo wala elimu ya darasani, lakini wakikunja mikono biashara ya nchi inasimama, na serikali ya kikoloni inalazimika kuwasikiliza.

Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Mwenyewe, Malcom McLean, alipiga hesabu akaona kwamba kupakia tani moja ya mzigo wa kawaida kuligharimu dola 5.83, na kwa kontena haikufika senti 16. Sasa hizo dola tano na ushei kwa kila tani zimekwenda kwa nani? Sehemu imekwenda kwa mnunuzi, aliyepata bidhaa kwa bei nafuu, na sehemu kwa mwenye meli. Kuli aliyeachishwa hakuwa na fungu humo. Tena alipoteza kitu ambacho hakitajwi sana, nacho ni ile nguvu ya kusikilizwa. Kreni haigomi.

Je, ilikuwa lazima iwe hivyo? Hapana. Oktoba 1960 chama cha makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani, kikiongozwa na Harry Bridges, kilikubaliana na waajiri kwamba mashine ziingie, lakini waajiri watoe takriban dola milioni 5 kila mwaka kwenye mfuko wa wafanyakazi, wazee wastaafu mapema kwa malipo, na waliosajiliwa kikamilifu wasifukuzwe. Vibarua wasio na usajili huo hawakulindwa hivyo, na hilo ni doa. Hata hivyo inaniuma kidogo kwamba mfano huu nautoa kwa Bridges wakati sisi tuna zaka.

Turudi kwenye hukumu. Ujira wa kazi iliyokwisha kufanyika ni deni, na Mtume (s.a.w.) amehimiza ulipwe kabla jasho halijakauka. Kazi ambayo haijafanyika si deni. Basi mwenye mashine akishalipa malimbikizo na haki zote za mkataba, mali yake ni halali. Kijana amepata jibu lake, lakini baba yake bado yuko nyumbani.

Mnakijua kisa cha Ansari aliyekuja kuomba. Mtume (s.a.w.) aliuza tandiko na bakuli lake kwa dirhamu mbili, moja ikanunua chakula cha familia na nyingine shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma kukata kuni na kumpa siku 15. Tazama mpangilio huo. Familia imekula kwanza, zana imepatikana, na kuna siku ya kurudi kutoa habari. Sisi wahubiri tunasema “vijana wasome kompyuta”, kisha tunashuka mimbarini. Mzee wa miaka 52 ataisomea wapi, nani atalipa ada, na watoto watakula nini miezi hiyo?

Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafii tunasoma vitabu vyake, ameeleza katika al-Majmu' kwamba masikini mwenye ufundi hupewa katika zaka cha kununulia zana za ufundi wake, ziwe za bei ndogo au kubwa. Ikiwa zana inafaa, sioni kinachozuia ada ya VETA kwa kuli anayetaka kujifunza kuendesha foklifti au kutengeneza mafriji, pamoja na posho ya nyumbani mpaka amalize. Mwenye elimu zaidi na anisahihishe.

Nililipeleka pendekezo hili kwenye kamati ya msikiti mmoja hapa mjini, kwa kuanza na watu watatu tu. Nilijibiwa kwamba zaka ya mwaka huu imeshagawiwa, kila mtu kiasi cha kilo chache za mchele, na fedha nyingine zilizopo ni za zulia. Nimeomba suala hilo lirudishwe katika kikao kijacho, kabla ya Ramadhani.