Wikiendi ya Tamasha la Ngoma Tukuyu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mpenzi wa ngoma za asili anayekwenda Tukuyu, wilayani Rungwe, kwa tamasha la Jumamosi na Jumapili. Umezingatia hasa tamasha la ngoma za asili la Tulia Trust, taasisi iliyoanzishwa na Dk. Tulia Ackson, ambalo kwa misimu kadhaa limekutanisha mjini humo vikundi vya mikoa mbalimbali. Hatua zake zinafaa pia kwa tamasha lingine lolote la uwanja wa wazi katika nyanda za juu. Lengo ni kuziona ngoma chache kikamilifu. Anayetaka kuziona zote huishia kuona vipande.

Maneno matatu yatatumika kwa maana moja tu. Kikundi ni wachezaji, wapigaji na waimbaji wanaoingia uwanjani pamoja. Zamu ni muda wote tangu kikundi kinapoanza kuingia hadi mtu wake wa mwisho anapotoka. Kituo ni mahali mlipokubaliana kukutana mkipotezana. Fuata hatua kwa mpangilio, na pale hatua inapokuwa na ukaguzi, usianze mpya kabla ya kuumaliza.

1. Thibitisha tarehe, uwanja, saa na kiingilio.
Fanya hivyo wiki mbili kabla, kwa kupiga simu kwa waandaaji au kwa ofisa utamaduni wa Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe. Usitegemee bango la mwaka uliopita, kwa kuwa tamasha linaweza kuhama uwanja au hata mji. Ukiambiwa "saa tatu", uliza asubuhi au usiku, kisha uandike. Ukaguzi: majibu yote manne yawe yametoka kwa watu wawili tofauti na yalingane. Piga tena simu siku mbili kabla ya kusafiri.

2. Weka nafasi ya kulala.
Tukuyu ni mji mdogo, na siku za tamasha gesti hugawanywa kati ya wageni, wasanii na viongozi. Uliza mambo matatu: kama kuna maji ya moto, kama chumba kina blanketi mbili, na lango hufungwa saa ngapi. Lipa sehemu ya fedha na uhifadhi ujumbe wa malipo kwenye simu. Ukaguzi: mpokeaji akutajie jina lako na tarehe zako bila wewe kumkumbusha.

3. Fungasha kwa ajili ya mvua na baridi.
Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe wenye kimo cha zaidi ya mita 2,900. Ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hata miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, ukungu na manyunyu si ajabu, na usiku wa Juni na Julai unahitaji sweta nzito. Weka kwenye begi:
- koti 1 la mvua lenye kofia (mwavuli uache nyumbani, utawaziba walio nyuma yako);
- sweta 1 na jozi 3 za soksi;
- viatu vya kufunga vyenye soli ya meno, kwa kuwa udongo wa huku ukilowa huteleza;
- mifuko 2 ya plastiki ngumu inayofungika, ya simu na daftari;
- chupa 1 ya maji ya lita 1;
- daftari 1 dogo na penseli 2 (wino wa kalamu huchuruzika karatasi ikilowa);
- noti za shilingi 1,000 na 2,000, angalau 10 kwa jumla, zikiwa mfuko wa peke yake.
Ukaguzi: vaa begi utembee nalo dakika 10. Likikuumiza bega, punguza nguo, si koti la mvua.

4. Jaribu simu kabla ya kuondoka.
Rekodi video ya dakika 1, fungua taarifa za faili, usome ukubwa wake, kisha uzidishe kwa 40. Hiyo ndiyo nafasi unayohitaji kwa dakika 40 za kurekodi, na hupaswi kurekodi zaidi ya hapo kwa siku. Futa vitu hadi nafasi ipatikane. Chaji simu na pawabenki hadi zijae.

5. Safiri Ijumaa asubuhi.
Ukitokea Mbeya mjini, panda Coaster ya Tukuyu au Kyela stendi ya Nanenane. Safari ni ya takriban kilomita 70. Gari litaacha barabara kuu ya Tanzania na Zambia pale Uyole, lipande hadi Isyonje kwenye njia panda ya Makete, kisha lipite Kiwira kabla ya kufika Tukuyu. Ukiona Kiwira na mikungu yake ya ndizi kando ya barabara, jiandae kushuka. Anayetoka Dar es Salaam aondoke Alhamisi: barabara hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na mtu aliyeshuka basi usiku wa manane hawezi kutazama ngoma kwa makini kesho yake.

6. Kagua uwanja Ijumaa jioni.
Tafuta kwa macho yako vitu vitano: mlango wa watazamaji, mlango wa vikundi, choo, huduma ya kwanza, na mahali spika zilipofungwa. Chagua kituo nje ya uwanja, kwenye kitu kisichohamishika kama geti la shule au mti mkubwa. Usichague gari wala banda la chakula, kwa sababu vyote viwili huhama. Kama una watoto, andika namba yako ya simu kwenye karatasi na uibane ndani ya mfuko wa kila mmoja. Ukaguzi: mwambie kila mtu wa msafara wako aende kituoni peke yake na kurudi. Asiyeweza leo jioni, kesho kwenye umati hataweza.

7. Andika orodha ya ngoma tano.
Omba ratiba kwa waandaaji na uchague tano tu kwa siku. Nashauri mgawanyo huu: mbili za wenyeji, mbili za mbali, na moja ambayo hujawahi kuisikia hata jina. Za wenyeji, anza na ing'oma ya Wanyakyusa. Ukikuta mganda wa mwambao wa Ziwa Nyasa, usiuache. Wachezaji hujipanga mistari kama gwaride na kupuliza vibuyu vyenye utando, mtindo unaohusiana na ngoma ya beni na gwaride za askari wa enzi za Vita Kuu ya Kwanza. Za mbali zinaweza kuwa lizombe ya Wangoni, sindimba ya Wamakonde au bugobogobo ya Wasukuma, ambayo huchezwa kwa majembe kwa kuwa ilizaliwa shambani, kwenye kulima kwa pamoja. Ukaguzi: kila ngoma kwenye orodha iwe na saa yake. Zamu mbili zikigongana, futa moja sasa hivi, usingoje kuamua uwanjani.

8. Fika saa moja na nusu kabla ya zamu ya kwanza.
Nenda upande wa mlango wa vikundi na utafute moshi. Hapo ndipo ngoma zinapopashwa moto. Ngozi ya ngoma hunyonya unyevunyevu, hulegea, na sauti yake hushuka. Kwa hali ya hewa ya Tukuyu jambo hili halikwepeki. Mpigaji huisogeza ngoma karibu na moto wa nyasi au kuni, huigeuza, huipiga mara mbili tatu, husikiliza, huirudisha. Tazama mfuatano huo mwanzo hadi mwisho kwa ngoma moja angalau. Sikiliza sauti ya kwanza na ya mwisho, kisha uandike tofauti yake kwa maneno yako. Kwangu hii ndiyo saa yenye thamani kuliko zote za wikiendi, na viti vya jukwaani huwa bado vitupu wakati huo. Simama hatua tatu kutoka kwenye moto, usiguse ngoma yoyote, na usiongee na mpigaji wakati anasikiliza.

9. Omba ruhusa kabla ya kurekodi.
Muulize mtu yeyote wa kikundi, "Kiongozi wenu ni nani?" Mwendee na umwamkie kwanza. Mfano: "Shikamoo mzee. Naomba ruhusa nirekodi ngoma yenu, ya kutazama nyumbani." Akiitikia "Marahaba" na kukubali, uliza kama kuna sehemu isiyorekodiwa. Ngoma nyingine zina sehemu za dawa au za unyago ambazo wenyewe hawataki zitoke nje. Shukuru kwa Kinyakyusa kama ni wenyeji: "Ndaga fijo." Ukaguzi: uwe na jibu la ndiyo lililotamkwa. Kimya si ruhusa.

10. Tazama zamu nzima.
Fuata mgawanyo huu bila kuubadilisha. Kikundi kinapoingia, simu iwe mfukoni. Angalia nani anaongoza na mguu upi unaanza. Kikiisha kujipanga, simama kama mita 10 kutoka kwenye ngoma kubwa, mbali na spika, na urekodi sekunde 10 za majaribio. Zisikilize kwa spika za masikioni. Sauti ikikwaruza, rudi nyuma hatua tano na ujaribu tena. Sauti ikiwa safi, rekodi dakika 5 mfululizo bila kuzungusha simu huku na huku. Kisha irudishe mfukoni na utazame kwa macho hadi mtu wa mwisho atoke. Wengi huondoka makofi yanapoanza. Hapo hukosa kutoka kwa kikundi, ambako mara nyingi kuna wimbo wake wenyewe na hatua zake.
Zamu ikiisha, jaza daftari kabla ya kuzungumza na mtu: jina la ngoma, kikundi kinatoka wapi, vyombo vilivyotumika, na ngoma huchezwa kwenye tukio gani. Nafasi usiyoweza kujaza, mwulize kiongozi uliyemwamkia.

11. Tunza wachezaji kwa utaratibu.
Tazama kwanza wenyeji wanatunzaje: wengine huweka noti kwenye kikapu, wengine humpa mchezaji mkononi. Fanya vivyo hivyo, kwa noti moja, ukiingia na kutoka bila kukatiza mstari. Kama mchezo ni wa mashindano na waamuzi wanaandika alama, subiri zamu iishe.

12. Kula kati ya saa 5 na saa 6 mchana.
Baada ya hapo foleni hurefuka. Agiza ndizi, ikiwezekana mbalaga ya Wanyakyusa, pamoja na maharage au nyama, na chai ya maziwa. Beba parachichi 1 la jioni. Hakikisha chakula kina moto wakati kinapakuliwa.

13. Tembelea Daraja la Mungu Jumapili asubuhi, kwa sharti.
Sharti ni hili: zamu yako ya kwanza Jumapili iwe saa 7 mchana au baadaye. Kama ni mapema zaidi, ruka hatua hii. Daraja la Mungu ni upinde wa asili wa mwamba wa volkano unaovuka Mto Kiwira, bila mkono wa fundi. Kodi usafiri wa kwenda na kurudi, mkubaliane bei na saa ya kurudi kabla ya kupanda, na nenda na mwongozaji wa eneo hilo. Usisogee ukingoni, mawe huwa na majimaji. Ukitaka kuona pia Kijungu, kivutio kingine cha mto huohuo, omba ruhusa getini kwa kuwa kimo ndani ya eneo la chuo cha Magereza. Ziwa Ngozi liachie safari nyingine. Kupanda na kushuka kingo za kreta yake kutakula siku.

14. Hifadhi kazi yako Jumapili usiku.
Ipe kila video jina lenye vitu vitatu kwa mpangilio huu: ngoma, kikundi, tarehe. Nakili zote kwenye kadi ya pili au kompyuta. Kisha mtumie kila kiongozi aliyekupa ruhusa nakala ya ngoma yake, kwa namba aliyokupa mwenyewe. Ukaguzi: subiri athibitishe kwamba imefunguka na sauti inasikika, ndipo ufute chochote kwenye simu.