SOMO LA BUSTANI: Nani Anaangusha Migomba Yetu?

Mgomba wenye mkungu ukianguka usiku, asubuhi kila mtu husema ni upepo. Hapa Tukuyu na Rungwe kwa jumla, ambako ndizi ni chakula cha nyumbani na pia ni ada ya shule ya watoto, jibu hilo linatugharimu. Katika somo hili tutajifunza kuuchunguza mgomba ulioanguka na kumtambua mdudu anayeitwa fukusi wa migomba.

Tazama kwanza mahali ulipovunjika. Ukiwa umeng'oka pamoja na mizizi yake, na mizizi hiyo ni mifupi, myeusi na imeoza, mara nyingi tatizo ni minyoo midogo ya udongoni isiyoonekana kwa macho. Ukiwa umekatika kwenye tunguu na mizizi imebaki ardhini, chukua panga ulipasue tunguu hilo. Ukikuta mifereji ya rangi ya kahawia, na ndani yake funza mweupe, mnene, asiye na miguu, mwenye kichwa cha kahawia, huyo ni mtoto wa fukusi. Upepo umemalizia tu kazi yake. Dawa ya kunyunyizia majani haimfikii huko ndani, na fedha iliyonunua dawa hiyo imepotea.

Mzazi wake ni mbawakavu mweusi mwenye urefu wa milimita 10 hadi 15 na mdomo mrefu uliopinda. Mchana hujificha penye unyevu chini ya mgomba au ndani ya mabaki yanayooza. Ukimshika hukunja miguu na kujifanya amekufa, na wengi humtupa wakidhani amekwisha. Hutembea usiku, wala si kawaida yake kuruka. Basi anafikaje bustani mpya? Hubebwa ndani ya machipukizi tunayopeana majirani. Menyeni tunguu la chipukizi mpaka libaki jeupe kabla ya kupanda, na lenye mifereji mingi lisipandwe kabisa.

Ili kumwona, kata kipande cha sentimita 30 cha shina la mgomba uliovunwa karibuni, kipasue katikati kwa urefu, kisha ulaze nusu hizo chini ya mgomba, upande uliokatwa ukitazama ardhi. Harufu itamvuta. Baada ya siku 3 funua asubuhi, uhesabu, uandike kwenye daftari, na uwaue kwa maji ya moto. Vipande vya zamani vikatekate vikauke juani, maana vikiachwa vizima fukusi huzaliana humo.

Mdudu huyu hupenda joto. Juu ya mita 1,600 huwa wachache, kwa hiyo ndugu wa Isongole watapata hesabu tofauti na wale wa Masoko kule chini.

Kwenye maharage yuko mwingine, mdogo wa milimita 6 hivi, anayeng'aa, rangi ya chungwa au kahawia. Hutoka ardhini mvua zinapoanza na kutoboa majani, na funza wake hula mizizi. Maharage yakirudiwa palepale kila msimu, naye humkuta mezani.

Tunaamini Mungu alimpa mwanadamu kazi ya kuvipa viumbe majina, na jina hutenganisha adui na rafiki. Yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, anayeng'aa, hula vidukari, mwacheni. Ndugu yake anayefanana naye ana vinyweleo na hang'ai, hukwangua majani ya maboga na viazi mpaka yabaki kama wavu. Angalieni mgongo wake kabla hamjamponda.

Maswali ya kujadili katika kikundi: Migomba iliyoanguka mwaka huu ilivunjikia wapi? Machipukizi yetu ya mwisho tuliyapata kwa nani, na je, tuliyamenya? Nani ataweka mitego 10 wiki hii na kuleta hesabu yake?