Kuchunguza Maisha ya Jamii: "Mgiriki" wa Mashamba ya Mkonge

Tulipokwenda Mingoyo kukagua mazoezi ya kufundisha, mwalimu mwanafunzi mmoja aliliandikia Darasa la Tano ubaoni: "Wagiriki walikuwa mabepari wa mkonge." Watoto wakanakili, kipindi kikaisha. Maneno hayo yana ukweli wake. Wagiriki wengi waliingia Tanganyika zama za Wajerumani kwa kazi ya reli, wakageukia mkonge, tumbaku na kahawa; na wengi waliondoka baada ya sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge kutaifishwa mwaka 1967. Lakini sentensi ile haikumfunza mtoto namna ya kujua.

Tulimshauri amwalike mzee aliyekulia katika kambi ya manamba. Mzee alipomtaja "yule Mgiriki", mtoto mmoja aliuliza, "Babu, ulijuaje kuwa ni Mgiriki?" Swali hilo ndilo utafiti wenyewe, nasi twakiri kuwa hatukulitayarisha. Mzee alifikiri, akajibu kwamba watu wote walimwita hivyo. Ila yeye kwa macho yake aliona Pasaka ya bwana yule ikija baada ya ile ya misheni ya Nyangao, na mayai yakitiwa rangi nyekundu.

Hapo ubao ugawanywe safu tatu: aliyoyaona, aliyoyasikia, aliyoyadhani. Mayai yaingie safu ya kwanza, jina "Mgiriki" safu ya pili. Kisha mwalimu aeleze kuwa Kanisa la Orthodoksi hukokotoa Pasaka kwa kalenda ya kale, hivyo mara nyingi huchelewa, ingawa mwaka 2025 Pasaka zote ziliangukia Aprili 20. Waorthodoksi wasio Wagiriki nao hupaka mayai rangi nyekundu. Kwa hiyo dalili yaonyesha dini, haijathibitisha taifa. Wataalamu nao hufanya kazi kwa kuona: Ernestine Friedl wa Marekani aliishi kwanza na wanakijiji wa Vasilika, Ugiriki, ndipo akatoa kitabu juu yao mwaka 1962.

Mtoto mwingine aliuliza habari za ujira. Mzee alisema baba yake alimsimulia kuwa asiyemaliza kazi aliyopimiwa hakuandikiwa siku ile katika kipande chake. Mwalimu mwanafunzi alitaka kuyatia maneno hayo safu ya dhana. Tulikataa. Yamesikiwa kutoka kwa aliyepatwa, basi yakae safu ya pili, na watoto wakamtafute mzee mwingine aliyewahi kushika kipande.