UNA KITABU CHAKO? KABLA HUJAMLIPA MTU, FANYA HESABU HII KWANZA

Leo siongelei vitenge wala viatu, naongelea kitabu. Najua humu kuna wenye daftari la riwaya, la mapishi au la ufugaji, na wanajiuliza: niuze mwenyewe kwenye simu, au nitafute mchapishaji? Kitabu nacho ni mzigo, kina hesabu zake.

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyenifundisha shule ya msingi, alikuja dukani kwangu hapa Mbebe kupiga kopi ya karatasi fulani. Ulikuwa mkataba. Kwa miaka mingi amekusanya hadithi za wazee wetu Wandali, akaziandika kwa Kiswahili, hadithi 46 kwenye daftari mbili kubwa. Sasa kuna watu walimwambia watamchapishia kitabu. Alipe 2,400,000, apewe nakala 200. Hela angetoa kwenye kiinua mgongo.

Nikamwambia, "Shikamoo Mwalimu, kabla sijapiga kopi, naomba tupige hesabu." Akacheka: "Hesabu si nilikufundisha mimi, mwanangu?" Nikatoa kikokotoo.

2,400,000 gawanya kwa 200 ni 12,000. Yaani kila kitabu kinamgharimu 12,000 kabla hata ya nauli ya kukileta Ileje. Nikamuuliza, hapa kwetu nani atanunua kitabu cha hadithi kwa 15,000? Akanyamaza. Halafu kipengele kimoja kilisema haki zote za kitabu, pamoja na za mtandaoni, zinakuwa zao. Alipe yeye, auze yeye, halafu kitabu kiwe chao!

SOMO LA 1: TOFAUTISHA MCHAPISHAJI NA MCHAPAJI

Mchapaji ni mwenye mashine. Unamlipa, anakupa nakala, mmemalizana. Hana kosa, ni kazi yake.

Mchapishaji anaweka hela YAKE. Analipia mhariri, kava, uchapaji na usambazaji, halafu anakulipa mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala iliyouzwa, mara nyingi kama asilimia 10. Kwa kuwa anahatarisha hela yake, anachagua, na wengi anawakataa.

Sasa ukikutana na anayejiita mchapishaji lakini hela unatoa wewe, jua huyo anakuuzia huduma. Si lazima awe tapeli, ila mlinganishe bei na wachapaji wengine, na usimwachie haki zako.

SOMO LA 2: UKIMKWEPA MCHAPISHAJI, KAZI YAKE INABAKI KWAKO

Hili nimelijua kwa kuumia. Niliwahi kutengeneza kitabu pepe, yaani PDF ya kusoma kwenye simu, cha kuwasaidia wanaokwenda Tunduma kuchukua mzigo kwa mara ya kwanza. Bei 3,000. Niliandika usiku mmoja, asubuhi nikaanza kuuza. Sikumpa mtu yeyote asome kwanza.

Kumbe kwenye bei ya jumla ya vitenge niliruka sifuri moja. Dada mmoja kutoka Njombe alifunga safari mpaka Tunduma na hela pungufu, kwa kuniamini mimi. Nilimrudishia 3,000 yake. Nauli yake je? Siku zake mbili je? Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Toleo la pili nilimlipa mwalimu wa Kiswahili 60,000 akapitia kila mstari, kava 20,000, bando na mengineyo 10,000. Jumla 90,000. Gawanya kwa 3,000, ni nakala 30. Kwa hiyo nakala ya 31 ndiyo ilianza kuwa faida. Na wewe fanya hesabu hiyo KABLA hujatangaza. Ukiona huwafahamu watu 30 wanaohitaji kitabu chako, bado hujawa na soko.

Linganisha: kitabu cha mchapishaji kikiuzwa 10,000 na mrabaha ukiwa asilimia 10, unapata 1,000 kwa nakala. Ni kidogo, lakini mfukoni hujatoa kitu. Ukijiuzia unapata kikubwa kwa kila nakala, ila kosa likitokea ni lako peke yako.

Na usidhani mambo haya yameanza na simu. Shaaban Robert, baada ya vitabu vyake kuchapwa na makampuni ya nje, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha huko Tanga. Ben Mtobwa, yule wa riwaya za kipelelezi, alikuwa na Heko Publishers. Eric Shigongo alitoa hadithi zake kipande kwa kipande kwenye magazeti ya kampuni yake, msomaji akinunua gazeti ili ajue kilichoendelea. Wote hao waligeuka wachapishaji kwelikweli, wakabeba kazi yote. Na anayetupia kipande cha riwaya WhatsApp kisha anaandika "sehemu inayofuata lipia 1,000" anafuata njia ileile ya Shigongo.

SOMO LA 3: PDF INAKIMBIA KULIKO WEWE

Wiki ya pili tu, kitabu changu nilikikuta kwenye grupu jingine kinagawiwa bure. Mtu akaniomba hata mimi, "mwenye hiyo PDF anirushie"! Nimefanya mambo mawili, na yamesaidia:

1. Kila nakala naiandika jina na namba ya mnunuzi kwenye kila ukurasa. Watu huona aibu kusambaza kitu chenye jina lao.

2. Mnunuzi namuingiza kwenye grupu ambako kila mwezi naweka bei mpya. Mwenye PDF ya wizi ana bei za zamani, mwishowe anakuja kulipa.

Kwa riwaya la pili haliwezekani. Mwandishi wa riwaya ajue tu kwamba sehemu ya nakala zitaibiwa, apange bei kwa akili hiyo.

Kuhusu sheria: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu unapoandika, ila kusajili COSOTA kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Usimlipe dalali kwa jambo ambalo ofisi yake ipo. Na ukitaka kuuza kwenye maduka ya nje kama Amazon, angalia kwanza mambo mawili: lugha yako inakubalika? Na hela itakufikiaje huku?

SOMO LA 4: MTEJA WAKO YUKO WAPI?

Hapa ndipo jibu lilipo.

Kama wasomaji wako ni watu unaoweza kuwafikia kwa simu, na kitabu kinatatua shida yao ya leo (biashara, ufugaji, mapishi, mapambo), uza mwenyewe. Mchapishaji ataenda taratibu, na bei za Tunduma hazimsubiri mtu.

Kama unataka kiingie shuleni, usihangaike peke yako. Kitabu cha shule kinahitaji ithibati ya serikali, na njia hiyo wachapishaji wameizoea.

Kama una kazi ya fasihi uliyoitolea jasho miaka, jaribu kwanza milango mikubwa. Wapo wachapishaji kama Mkuki na Nyota, kampuni ya Walter Bgoya iliyoanza 1991. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ila angalizo: tuzo nyingi zinataka mswada ambao haujachapishwa. Ukishamwaga kitabu chote mtandaoni, mlango huo unaweza kuwa umejifungia mwenyewe. Soma masharti kwanza.

TULICHOFANYA NA MWALIMU

Mkataba hakusaini. Tulichagua hadithi 8 kati ya 46, nikazichapa kwenye kompyuta, binti yake akazipitia, tukatengeneza PDF ya 2,000. Tuliiuza kwenye magrupu ya watu wa nyumbani, Wandali walioko Mbeya, Dar mpaka Lusaka. Tuliandikishana: mimi muuzaji 500 kwa kila nakala, yeye 1,500. Ndiyo, hata na mwalimu wako andikishaneni.

Mwezi wa kwanza zilitoka nakala 37. Jumla 74,000. Mwalimu alipata 55,500, mimi 18,500. Sitawadanganya, huo si utajiri. Lakini watu wazima walimpigia simu wakisema hadithi fulani mara ya mwisho waliisikia kwa bibi. Mmoja alimsahihishia jina la mto! Hayo maoni ni uhariri wa bure.

Hadithi 38 zilizobaki hatujazigusa. Anazinoa, anataka kuzipeleka kwa mchapishaji anayetoa hela yake. Wanaweza kumkataa, na nimemwambia hivyo. Akinijibu "nimekataliwa" bado hadithi ni zake na tutauza wenyewe.

Na ile 2,400,000 ipo. Kidogo kimekuwa mabati.

Kwa hiyo wewe mwenye daftari, leo jioni andika mambo matatu kwenye karatasi: gharama zako zote, bei yako, na majina ya watu 30 watakaonunua. Majina kabisa, usiandike "watu wengi". Ukikwama kwenye majina, usilipe mtu yeyote kwanza.